Kuboresha Mfumo: Juu ya Maneno ya Mnada wa Mtandao katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika maneno yaliyoingia pwani ya kusini pamoja na mnada wa mtandao, hakuna lipendwalo na wasemaji wa jukwaani kuliko hili la kuboresha. Mfumo umeboreshwa, mfumo utaboreshwa, wakulima na wavumilie, mfumo unaboreshwa. Mkulima wa ufuta wa Kilwa alisikiapo neno hili hana la kuuliza, kwa kuwa ni nani atakayelipinga jambo lililofanywa kuwa bora? Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba neno hilo limefunika matendo kadha yasiyofanana, na kwamba tofauti zake si mchezo wa wanachuo bali zafika hata kwenye fedha aipokeayo mwenye gunia.

Yafaa kwanza kuieleza biashara yenyewe. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na katika korosho za kusini utaratibu wake ulianza msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka mazao yake katika chama cha msingi, yakapimwa na kutengwa kwa daraja, kisha yakaenda ghalani kungoja mnada. Wanunuzi walileta bei zao katika barua zilizofungwa, nazo zilifunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima, ambao waliweza kukubali au kukataa. Baadaye Soko la Bidhaa Tanzania, lililoundwa 2014, lilileta mnada wa kompyuta; na katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho za kusini ilipita humo. Vyama vikuu vya Lindi Mwambao na RUNALI, ambavyo kati yao vyakusanya wakulima wa Kilwa, Lindi, Mtama, Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vimeuza mazao yao kwa njia hiyo. Mnada, ambao asili yake ni kunadi, yaani kutangaza kwa sauti, umekuwa kazi ya kimya. Sisemi hivi kwa kulaumu. Barua nazo hazikuwa na sauti mpaka zisomwe, na mengi yaliweza kutendeka kati ya sanduku na msomaji.

Programu kubwa ya biashara hainunuliwi kama jembe, ukaenda nalo shamba siku ile ile. Kabla haijauza kilo moja hapana budi iambiwe mambo mengi: fungu la mnada liwe la ukubwa gani, madaraja yawe mangapi, makato yawe yapi na kwa kiasi gani, zabuni zifungwe saa ngapi, nani aone bei ya nani. Kazi hii wafasiri wa programu wameiita kusanidi. Neno halina kosa la sarufi, walakini ni neno la karatasi: halikupita sokoni wala bandarini kabla ya kuandikwa, na msikiaji wa kijijini hana kitu cha kulishikia. Atalitwaa kuwa ni ufundi fulani wa waya, naye atawaachia mafundi.

Hapo ndipo hasara ilipo, kwa maana kusanidi si kazi ya waya. Ni kuweka vipimo, na pwani hii yajua tangu zamani kwamba mwenye kuweka kipimo ndiye mwenye biashara. Pishi ya mji mmoja haikuwa pishi ya mji mwingine, na mfanyabiashara aliyepita miji yote miwili na pishi zake mbili hakuhitaji kusema uongo ili atajirike. Wakulima wa korosho wana neno lao, kangomba, nalo ni ununuzi wa kichinichini kwa kipimo kisichotambuliwa na sheria, ambao serikali ilipambana nao kwa nguvu katika msimu wa 2018/2019. Kangomba ni dhuluma. Lakini aliyedhulumiwa kwa kangomba aliweza kukiona chombo alichopimiwa, akakishika, akakipima kwa macho, akajua kiasi cha kudhulumiwa kwake. Kipimo kilichowekwa ndani ya programu hakishikiki. Mtu akibadili humo kiwango cha makato kwa tarakimu moja, hakuna atakayeisikia ikianguka. Basi afadhali tuseme kupanga vipimo kuliko kusanidi, ili mkulima aelewe kwamba yanenwa mambo yake, na aulize: vimepangwa na nani, na lini?

Neno la pili ni kusasisha. Hili nalisifu. Limetokana na sasa, kama tayarisha ilivyotokana na tayari na hakikisha na hakika. Njia yake ni ya Kiswahili, na maana yake hujieleza. Wale walioanza kazi ya kufasiri programu, mathalan wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walionyesha kwamba lugha yetu yaweza kuzaa maneno ya namna hii pasipo kuomba. Ubaya ni kwamba kusasisha nako kumetandazwa mno, kukawa jina la kuziba ufa mdogo na jina la kuliacha jengo zima na kuhamia jingine.

Habari ya maduka ya mtandao yaonyesha jinsi mambo hayo mawili yalivyo mbali. Mwezi Juni 2020 kampuni ya Adobe ilikoma kulihudumia toleo la kwanza la Magento, programu iliyotumiwa na wenye maduka katika nchi nyingi. Toleo la pili lilikuwa limetoka tangu 2015, lakini halikuwa toleo la kwanza lililotiwa viraka; lilikuwa limejengwa upya, na mwenye duka alipaswa kuhamisha bidhaa, wateja na hesabu zake zote. Wengi walikawia. Septemba mwaka ule ule maduka yapatayo 2,000 yalivamiwa katika siku chache, na mengi katika hayo yalikuwa bado katika toleo la kwanza. Siwezi kusema kwamba maneno ndiyo yaliyowaponza, kwa sababu gharama ya kuhama ilikuwa kubwa. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kusasisha kila mwezi kwa kubonyeza mara moja hupata taabu kuamini kwamba safari hii kazi ni nyingine.

Mabaharia wetu hawangekosea hapa, kwa kuwa walikuwa na maneno mawili. Kukalafati ni kuziba nyufa za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta. Chombo hubaki kile kile. Kufaulisha ni kutoa shehena katika chombo kimoja na kuitia katika kingine. Nahodha aliyekalafati hakuulizwa habari za mzigo. Aliyefaulisha aliulizwa gunia kwa gunia. Basi mkulima wa Kilwa Kivinje akiambiwa kwamba mfumo umekalafatiwa, aende zake nyumbani. Akiambiwa kwamba umefaulishwa, ana haki ya kuuliza kama jina lake, hesabu ya akaunti yake ya benki na kilo zake zimevuka zote. Akiambiwa umeboreshwa, hajui aende au akae.

Wako wapendekezao kupandisha daraja badala ya kuboresha, na katika ofisi za mijini huenda likafaa. Katika mikoa ya korosho ni neno la hatari. Daraja huko ni ubora wa korosho yenyewe, la kwanza au la pili, na bei hufuata hapo. Mwambie mkulima kwamba mfumo umepandishwa daraja, naye atauliza, kwa haki kabisa, kama korosho zake nazo zimepanda.

Limebaki neno moja lililonishinda. Kila programu huja na vipimo vilivyokwisha kuwekwa na mtengenezaji, ambavyo hutumika mpaka mtu avibadili. Na wafasiri wameviita chaguo-msingi. Lakini chaguo ni la nani? Mnunuzi wa programu hakuchagua, chama hakikuchagua, na mkulima hakuulizwa. Nimejaribu kima cha awali, nikaona chafaa kwa namba tu. Nimejaribu desturi, nalo ladai mazoea ambayo hayajakuwapo. Yamkini neno lipo Kilwa Kisiwani kwa wavuvi, au katika Kimatumbi au Kimwera, la kutaja kitu ulichokikuta kimekwisha pangwa na mwenye nyumba kabla hujaingia. Msomaji alijuaye na aniandikie kwa anwani ya jarida hili.