Neno "Free" na Kalamu Yangu Nyekundu

Neno la Kiingereza "free" ni fupi, lakini limenifedhehesha mbele ya darasa langu mwenyewe.

Nilikuwa nikifundisha darasa la saba. Nilimpa mwanafunzi mmoja sentensi ya kutafsiri, yenye neno hilo, kuhusu zahanati inayowapa wagonjwa dawa pasipo malipo. Akaandika: "Zahanati inatoa dawa huru." Wenzake wakacheka, nami nikamchorea mkasi mwekundu bila maelezo. Jioni nilipofungua daftari lake la msamiati nikakuta, kama alivyonakili kutoka ubaoni kwangu: "free – huru". Kosa lilikuwa langu.

Ninachokilaumu ni zile orodha zetu za msamiati, neno moja kwa neno moja. Tulizipokea tangu chuo cha ualimu, tukazipenda kwa kuwa ni nyepesi kusahihisha. Lakini Mwingereza husema "free" kwa mtumwa aliyeachiliwa, kwa kiti kisichokaliwa, kwa mtu asiye na shughuli na kwa kitu kisicholipiwa. Sisi kila jambo tunalipa neno lake: mtumwa yu huru, kiti hakina mtu, mwenye muda ana nafasi, na kitu hutolewa bure.

Hata hilo "bure" si kisawe kamili. Kwetu mtu hugombana bure, huteseka bure, na asiyefaa huambiwa "bure kabisa". Katika "free" dharau hiyo haimo. Ndiyo maana nilifurahi kuona kwamba ada zilipofutwa hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, waraka wa Serikali uliandika "bila malipo". Watu, hata hivyo, waliendelea kusema "elimu bure". Hapa Mpitimbi, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilimkumbusha mzazi mmoja madaftari ya mwanawe. Akanijibu, "Mwalimu, si wamesema bure?" Ada ilikuwa imefutwa, naye akadhani na wajibu wake umefutwa.

Ndugu msomaji, ukimfundisha mtoto neno la kigeni, mpe pamoja na sentensi zake, zisipungue tatu. Yule kijana sasa ni mtu mzima. Angeniletea daftari lake leo, ule mkasi ningeuchora ubaoni, juu ya mwandiko wangu.