Sauti ya VJ na Filamu ya Kapteni Alex

Wengi waliotazama "Who Killed Captain Alex?", filamu aliyoitengeneza Isaac Nabwana mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, hukumbuka helikopta za kompyuta zikilipua majengo na bunduki zilizoundwa kwa vyuma chakavu. Mimi naomba tuitegee sikio. Kinachoibeba filamu hii ni sauti ya VJ Emmie (VJ ni msimulizi wa filamu kwenye vibanda vya video), anayezungumza juu ya picha mwanzo hadi mwisho, na sauti hiyo haieleweki vizuri kwa asiyejua kibanda cha video kinavyoendeshwa.

Kibanda, kiwe Mbarara mjini au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ni mabenchi, televisheni na spika. Penye VJ huongezeka maikrofoni na mashine ya kuchanganyia sauti. Kazi yote iko vidoleni. Wahusika wakianza kusema, VJ anashusha sauti ya filamu na kupandisha yake. Risasi zikirindima anaiachia filamu ivume, kisha anaingia tena kabla ukumbi haujapoa. Akichelewa kidogo tu, mzaha umeshapita. Katika upenyo huo mwembamba anatafsiri, anatambulisha wahusika, anamzomea mwoga, anampa jambazi wa Hong Kong jina la mtaa wa jirani. Picha haigusi, lakini kasi ya filamu, maana yake, hata nani aonewe huruma, ni yeye anayeamua. Huko ni kuhariri, na kunafanywa mbele ya watu waliolipa kiingilio. Kwa wasimulizi wa namna hii, Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Ufundi ni huohuo.

Nabwana aliichukua desturi hii ya ukumbini akaifunga ndani ya filamu yenyewe. Amewahi kueleza kwamba utotoni sinema alizifahamu kwa kusimuliwa na kaka zake, na ukiitazama kazi yake unaona alama ya kusimuliwa. Kapteni Alex anakutwa amekufa, ndugu yake Bruce U anamsaka muuaji, filamu inakwisha nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, na muuaji hatujamjua. Katika hadithi ya upelelezi hilo ni kasoro kubwa. Hapa linapita, kwa sababu aliyetushika tangu mwanzo ni msimulizi, na msimulizi hajatuangusha.

Sasa ipeleke filamu hii Nakivale. Makazi hayo ya wilaya ya Isingiro yalifunguliwa mwaka 1958 kwa wakimbizi wa Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Wahusika wanasema Kiganda, maandishi ya chini ni Kiingereza, VJ naye anatumia Kiingereza chake cha Kampala. Kwa aliyetoka Kivu, Kongo, juzi, zote hizo ni lugha za watu. Kwa hiyo kwenye benchi huzaliwa sauti nyingine: kijana anamtafsiria shangazi yake kwa Kiswahili, na wa nyuma wanamwambia apaze sauti. Filamu inayodai ukimya ingefia hapo. Hii ilijengwa kwa kelele, ndiyo maana inahimili kuongezewa nyingine.

Lipo jambo zito zaidi. Wengi ukumbini humo wamekimbia bunduki za kweli. Nabwana mwenyewe alizaliwa mwaka 1973, enzi za Idi Amin. VJ anaposhangilia na kuchekesha katikati ya mapigano, anamhakikishia mtazamaji kila dakika kwamba anaangalia mchezo, kwamba aliyeanguka atainuka kamera ikizimwa. Naliona hilo kuwa pambo kidogo sana na huruma kubwa. Hata hivyo sauti hiyohiyo ina ubaya wake: haipishi majonzi. Mhusika akifiwa, msimulizi anaendelea tu, na machozi yanakosa nafasi.

Ndugu zangu mnaorekodi filamu kwa simu Nakivale, sauti ya msimulizi iwekeni kwenye faili lake peke yake, ili kesho mwingine aweke ya Kirundi au ya Kisomali, na mahali pa kilio aiondoe kabisa. Nakala isiyo na msimulizi ihifadhini zaidi ya mahali pamoja. Ile ya Kapteni Alex ilipotea. Iliyobaki duniani ni yenye sauti ya VJ Emmie.