Yai la Kasa ndani ya Minecraft

"Mjomba, njoo umwone kasa anataga!" Mpwa wangu aliniita hivyo usiku mmoja hapa Chake Chake, nami nikadhani pana habari kutoka kisiwa cha Misali. Kumbe kasa yumo ndani ya kompyuta. Nikakaa naye mkekani. Kasa alitoka majini, akajikokota hadi ufukweni, akaanza kufukua, mchanga ukimruka nyuma. Baada ya sekunde kama 10 yakabaki mayai matatu, naye akarudi baharini. Nilitaka kujua waliotengeneza gemu hili walilifanyaje jambo lile.

Mojang, kampuni ya Uswidi, iliingiza kasa katika Minecraft Julai 2018. Ukiwalisha wawili nyasi za baharini, mmoja hupata mayai, lakini hatagi pale alipo. Kila kasa ametunziwa namba tatu zinazotaja mahali alipoanguliwa, na akiwa na mayai huzifuata namba hizo hadi ufukwe wake, hata ukiwa mbali. Kasa wa kweli huongozwa na nguvu za sumaku ya dunia, na hupita miaka 20 na zaidi kabla hajarudi kutaga mara ya kwanza. Kwangu mimi, hapa ndipo ufundi wao ulipotimia: namba tatu tu, na tabia kubwa ya mnyama imeonekana.

Kuangua kumepangwa kwa bahati nasibu. Katika toleo la Java, programu huligusa kila yai bila mpangilio, kwa wastani mara moja kila sekunde 68. Likiguswa mchana, lina nafasi 1 tu kati ya 500 ya kupiga hatua. Ila kuna kipindi kifupi kabla ya alfajiri, sekunde kama 42 katika siku ya gemu yenye dakika 20, ambapo yai likiguswa lazima lisogee. Nilipiga hesabu: kwa usiku mmoja, nafasi ya kuguswa ndani ya kipindi hicho haifiki nusu. Na yai linahitaji hatua tatu: ufa wa kwanza, ufa wa pili, kisha kitoto kinatoka. Ndiyo maana mpwa wangu alisubiri hadi usiku wa tano. Bila mchanga chini yake, yai halisogei kabisa. Mchezaji akienda mbali sana nalo, yai husimama vilevile.

Wakati wote huo yai linaweza kukanyagwa. Mazombi huyatafuta mayai makusudi, na mchezaji mwenyewe akiyarukia huweza kuyavunja. Nilimwona kijana akijenga ua wa mbao kuzunguka mayai yake, kila upande, kwa makini kama mtu anayezungushia kitalu cha mikarafuu.

Ua huo umewezekana kwa sababu mayai yamewekwa juu, yanaonekana. Kasa wetu hufukia. Katika pwani ya magharibi ya Misali, mama huchimba shimo, hutaga mayai yanayoweza kupita 100, huyafunika, na mtu asiyejua hupita juu yake. Nawaelewa Mojang kwa hilo: mchezaji hawezi kulinda asichokiona.

Nisichoweza kuwapitishia ni joto. Yai la kasa hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia. Mpaka uko karibu na nyuzi 29. Mchanga ukizidi hapo majike huongezeka, ukipoa madume huongezeka. Mwaka uleule wa 2018 ulichapishwa utafiti kuhusu kasa wa kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia: kati ya wachanga waliotoka huko, zaidi ya 99 kwa 100 walikuwa majike. Gemu lenye majangwa na nchi za theluji lingeweza kuuhesabu mchanga wa moto na wa kivulini. Watoto wetu wangejifunza kwa vidole vyao kwa nini mti ulio karibu na ufukwe haukatwi ovyo.

Nawe ukishuka kutoka Wesha kwenda Misali, tembea chini ya alama ya bamvua. Juu yake, mchanga unaweza kuwa na mayai.