Muulize Nani Kasema: Namna ya Kupima Riwaya ya Mizimu

Mwandishi Muhammed Said Abdulla anasifiwa sana hapa Kibaoni, Kilombero, siku hizi, na karibu kila anayemsifu anamkosea adabu. "Yule mzee alikuwa anatisha," wananiambia vijana wakirudisha Mzimu wa Watu wa Kale kwenye meza yangu ya kuazimisha vitabu. "Sikulala." Wasiolala hao ndio haohao wanaosoma kwenye simu kisa cha jini aliyeolewa Mang'ula, sehemu ya sabini na nne, itaendelea kesho ukituma hela, na kuapa kwamba aliyekitunga ni Abdulla wa leo. Karibuni nimemsikia hata mwalimu akisema hivyo, tena kwa sauti, mbele ya watoto wa watu. Nimeona nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki.

Tuanze na mepesi, ambayo hata mgeni wa fani anaweza kuyashika. Paka mweusi akitokea kabla ya ukurasa wa kumi, funga kitabu. Jini akiongea Kiswahili cha mtangazaji wa redio, funga. Mganga mwenye majina matatu na cheo ni dalili ya mwandishi mvivu. Mvua ya radi iwe moja kwa riwaya nzima. Masika ya bonde hili yanatutosha, hatuhitaji mengine kwenye karatasi. Angalia pia taa. Tukio likiwa la usiku, lazima ujue nani ameshika kandili na amesimama wapi. Mwandishi anayekuambia giza lilikuwa totoro, kisha mstari wa pili akakuonyesha kanzu nyekundu na jino la dhahabu, hajawahi kurudi usiku kutoka shambani. Na riwaya ya mizimu inayopita kurasa mia mbili imetiwa maji. Usiniulize kwa nini, ndivyo ilivyo.

Hayo ni ya mlangoni. Kipimo chenyewe ni kimoja, na wapenzi wapya wa Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, wanakiruka kila siku: nani kasema?

Kila penye mzimu pana mdomo uliotangulia kuutaja. Kila penye mwanga anayeruka na ungo kuna mtu aliyesema amemwona, au amesikia kwa aliyemwona, au amemsikia anayejuana na aliyemwona. Msomaji mchanga hukimbilia kilichosemwa: damu, kilio, kivuli mtini. Aliyesema anampita kama vile hakuwapo. Msomaji aliyekomaa hufanya kinyume. Anakiacha kivuli mtini kwanza, anamgeukia msemaji: jana ulikuwa wapi, una shamba linalopakana na la marehemu, ulimkopa, ulimposa bintiye akakunyima? Mwandishi bora ameyaweka majibu hayo mapema, mahali ambapo jicho la mtu mwenye woga haliwezi kutua.

Sasa rudi kwenye Mzimu wa Watu wa Kale ukiwa na swali hilo. Bwana Ali, tajiri, anakutwa ameuawa mzimuni, mahali ambapo watu wa pale wamerithi kupaogopa. Kwa hiyo jibu liko tayari kabla mtu hajauliza. Bwana Msa anakuja na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni, na kazi yake kubwa si kupambana na mzimu. Anapambana na jibu lililokuwa tayari. Anasikiliza kila mtu, haamini mtu, na mwisho wa yote mkono uliofanya kazi ile ni mkono wa binadamu. Mtunzi mwenyewe haapi hata mara moja kwamba mzimu umeua. Wanaoapa ni wahusika, na kila mmoja ana lake. Aliyekisoma kitabu hiki akaona kinatisha amekisoma akiwa upande wa wanakijiji. Mwandishi hakumwalika huko. Alimwalika akae karibu na Najum.

Sishangai kwamba aliyeleta ustadi huu alikuwa mtu wa aina ile. Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, 1918. Alipomaliza shule aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, akakaa huko miaka kumi, ndipo akaingia magazetini. Alihariri Zanzibari, akafanya kazi Al Falaq na Afrika Kwetu, kisha kuanzia 1958 hadi 1968 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Mkaguzi wa afya hawezi kupeleka taarifa isemayo "inasemekana kuna uchafu mahali". Lazima ataje nyumba. Mhariri naye hushinda kutwa akiuliza habari hii imetoka kwa nani. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale iliposhika nafasi ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la 1957-58, ikatoka kitabu 1960, Kiswahili kilipata mpelelezi wake wa kwanza wa kukumbukwa, na mpelelezi huyo alikuwa na tabia za muumba wake.

Sisi wa Kilombero na Ulanga tulipaswa kulielewa swali hili la nani kasema kuliko Wazanzibari wenyewe. Nani hapa hajasikia habari za Ihowanja? Nani hana shangazi au babu aliyepelekwa huko kwa mganga Kalembwana, kunyolewa ili uchawi uishe? Ukoo ukishindwa kukaa pamoja kwa ajili ya maneno ya uchawi, walifunga safari. Na jambo ambalo wageni hawalijui, ila kila mzee wa Kipogoro atakwambia, ni kwamba mara nyingi aliyetuhumu na aliyetuhumiwa walikwenda pamoja, na wembe uliwapitia wote wawili. Sina haja ya kujadili hapa dawa ile ilifanya nini au haikufanya nini. Ninachotaka uone ni hekima ya ule wembe: neno "fulani ni mchawi" lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alitoa kichwa.

Riwaya nzuri ya mizimu hufanya vivyo hivyo, humnyoa na aliyesema. Riwaya mbovu humnyoa bibi kizee peke yake, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, kisha inamwachia msemaji aende zake na nywele zake. Hapo ndipo ubovu wa sanaa unapogeuka kuwa ubovu wa tabia. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa neno "wanasema", na wengi hawakuwa na kosa zaidi ya macho mekundu. Mtunzi anayelitumia neno hilo bila kulitafutia mwenyewe anachezea kiberiti kwenye nyumba za makuti.

Mwalimu wangu wa fani hii hakuandika hata ukurasa mmoja. Alikuwa utingo wa lori la mpunga, na jukwaa lake lilikuwa foleni ya pantoni kwenye mto Kilombero, kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018. Foleni ile ilikuwa ndefu kiasi cha kumaliza hadithi na kuanza nyingine. Alipofika mahali pa kutisha, pale kiboko anapotoka majini akiwa amevaa bangili, wenzake wangepaza sauti. Yeye aliishusha. "Mimi sikumwona," anasema. "Aliyemwona ni shemeji yangu. Na shemeji yangu wakati ule alikuwa anadaiwa." Basi. Anakata kipande cha muwa, anatafuna, anatuacha na shemeji yake na lile deni. Nusu ya wasikilizaji walipanda pantoni wakimwogopa kiboko, na nusu nyingine walipanda wakimhesabia shemeji siku. Nusu ya pili ndiyo niliyoiazima vitabu bila kuchukua rehani.

Matapeli nao nimewaona. Yuko aliyekuja mezani na makaratasi ya fotokopi yaliyobanwa kwa pini, akasema ni riwaya yake mpya. Niliposoma kurasa tatu nikamwona Bwana Msa amevuliwa kiko, amehamishiwa Mlimba na kuitwa Kamanda. Wizi ningeusamehe, kwa maana mwizi wa vitabu angalau anasoma. Kisichosameheka ni kwamba alikata ufumbuzi wote wa mwisho na badala yake akaleta moshi, mlango ukajifunga wenyewe, tamati. Nilipomuuliza nani aliua, akanijibu kwa fahari: "Ndiyo siri yenyewe." Hapana, kijana. Hiyo si siri, hiyo ni kazi uliyoshindwa kuimaliza.

Kisa kingine kilinifunza zaidi. Nakala yangu moja ya Mzimu ilichanika kurasa za mwisho, nami sikugundua mapema. Ilizunguka Viwanja Sitini, ikavuka hadi Lupiro, ikarudi na sifa kedekede. Wote walioisoma walikubaliana kwamba ni hadithi ya mzimu uliomuua tajiri mwenye dharau. Nilipowapa nakala nzima, baadhi yao walikasirika, wakasema kitabu kimeharibiwa mwishoni. Tangu hapo ninajua kwamba sehemu kubwa ya mapenzi yanayotangazwa juu ya Abdulla ni mapenzi ya kitabu kilichochanwa, hata pale ambapo kurasa zote zipo.

Mtu asinielewe vibaya akadhani nataka kila uchawi ufutwe ukurasa wa mwisho. Inua macho uitazame milima ukielekea Makambako kwa treni ya TAZARA. Huko juu, Ubenani, ndiko C. G. Mung'ong'o alikoiweka Mirathi ya Hatari, iliyotoka 1977. Humo uchawi haufutwi. Baba anamrithisha mwanawe, na urithi huo una gharama. Lakini kitabu kinafaulu mtihani wangu vizuri sana, kwa sababu kinachosemwa juu ya uchawi kinatoka kwa watu ambao uchawi wenyewe unawachoma mikononi. Upande wa pili wapo Waingereza. Dennis Wheatley, aliyewakosesha usingizi wengi kwa The Devil Rides Out ya 1934, alitanguliza maelezo kwamba yeye hajawahi kushiriki ibada za namna hiyo, kisha akawaonya wasomaji wasithubutu. Yaani mwandishi mwenyewe amejifanya shahidi, wakati huohuo anakana kuwapo. Shahidi wa namna hiyo angefukuzwa hata na baraza la kata. Arthur Conan Doyle aliamini mizimu kwa moyo wake wote uzeeni, lakini katika The Hound of the Baskervilles hakumruhusu Sherlock Holmes aiamini hata dakika moja. Hiyo ndiyo nidhamu.

Wasomi wanamlaumu Abdulla kwa sadfa: ndugu waliopoteana wanakutana, mtu fulani kumbe ni fulani, na ufafanuzi wa mwisho unakuwa mrefu. Ni kweli, sadfa zimo. Mimi hazinisumbui. Anayeishi mahali ambapo kila abiria wa basi ni binamu wa dereva hawezi kulalamikia sadfa.

Zamani haikuhitajika kueleza haya. Mtoto aliyepelekwa dunguni kulinda ndege alikwenda na kombeo na kitabu kimoja, na kitabu hicho alikisoma mara tatu hadi mpunga ukomae. Mara ya kwanza aliogopa, mara ya pili akamtafuta muuaji, mara ya tatu akawarudia wasemaji mmoja mmoja. Hadithi ya simu haina mara ya pili. Ukishatuma hela ya sehemu ya sabini na tano, ya sabini na nne imekwisha kufa.

Kwa anayetaka kuanza sawasawa, utaratibu ni huu, nami sibishani juu yake. Mzimu wa Watu wa Kale kwanza. Kisima cha Giningi cha 1968 pili, maana Giningi ni jina ambalo kila Mzanzibari ana la kusimulia, kwa hiyo wasemaji ni wengi. Kisha Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri. Kosa la Bwana Msa kiachwe hadi mwisho. Ukiwa na kalamu ya risasi, andika pembeni jina la kila mtu anayetaja mzimu, jini au uchawi, na mbele ya jina andika atafaidika na nini akiaminika. Penseli hiyo nitaifuta mwenyewe kitabu kikirudi. Kikirudi bila alama hata moja, kitabu kinachofuata utakilipia rehani.