Mikono Minne ya Cerveteri

Jeneza la Wanandoa, lililofukuliwa mwaka 1881 katika makaburi ya Banditaccia, Cerveteri, mji wa Waetruski wa kale nchini Italia, likiwa limevunjika vipande takribani 400, husifiwa zaidi kwa tabasamu lake. Kwangu tabasamu hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Midomo iliyoinuliwa pembeni na macho ya umbo la lozi vilikuwa kaida ya uchongaji wa Kigiriki katika karne ya 6 K.K., na mfinyanzi wa Kietruski aliviazima kama mshairi anavyoazima bahari iliyokwisha kuzoeleka. Ufundi wake mwenyewe umo katika viwiliwili.

Mume na mke wameegemea viwiko vya kushoto juu ya kitanda cha karamu, mke mbele, mume nyuma yake, mkono wa mume ukipita begani kwa mwenzake. Katika karamu za Wagiriki mke wa ndoa hakuwa na nafasi kitandani. Hapa amepewa upande ulio karibu nasi. Kuanzia kiunoni kwenda juu, udongo una ujazo kamili: mabega yana uzito, misuko ya nywele inateremka kifuani, kofia ya mke imekaa imara kichwani. Kuanzia kiunoni kwenda chini ujazo huo unanywea ghafla, na miguu imelazwa bapa kama shuka, mpaka jicho lifike kwenye viatu vya mke vyenye ncha zilizopinda juu, kando ya nyayo tupu za mume. Wako wanaoiona hiyo kuwa kasoro ya maumbile. Mimi naisoma kama mizani ya utungo: jicho likikosa cha kulishika miguuni, hupanda lenyewe hadi mikononi.

Kazi hii ya karibu mita mbili ilifinyangwa vipande vinne, maana tanuri lingeipasua nzima, na mshono wa wima unakata kitanda katikati bila kufichwa. Juu ya ukali huo wa kiufundi, mikono minne imekusanywa mbele ya vifua, vidole vikiwa vimepangwa kushika vitu visivyokuwapo tena, labda kichupa cha marashi, labda yai au tunda. Vitu vimepotea, ishara imebaki timamu: vidole vya mke vimekunjika kwa wepesi wa mtu anayemimina, na kiganja cha mume kimegeuzwa juu, kimetulia, kinasubiri kutiliwa.