Rafiki Asiyetambuliwa: Walton na Mabaharia Wake katika Mwanzo wa Frankenstein

Riwaya ya Mary Shelley, Frankenstein (1818), haianzi na Victor Frankenstein wala kiumbe wake, bali na barua nne za Robert Walton kwa dada yake, Margaret. Walton, mwenye umri wa miaka 28, anaelekea Ncha ya Kaskazini. Wahakiki wamezoea kumsoma kama kioo cha Victor: wote wawili wana uchu wa kujua na wa kusifiwa. Usomaji huo una mashiko, ila unawaacha mabaharia nje. Makala haya yanadai kwamba tabia ya Walton hudhihirika zaidi katika namna anavyowatazama hao.

Ushahidi umo katika barua ya pili. Walton analalamika kwamba hana rafiki. Katika barua hiyo hiyo anamsimulia mkuu wa mabaharia wake, aliyemwachia mchumba wake kijana maskini aliyependwa na binti huyo, kisha akampa shamba na mali ili wawili hao waoane. Mtu mwenye utu wa kiasi hicho yumo chomboni, lakini Walton hamhesabu kuwa rafiki kwa kuwa hakusoma. Hapo ndipo ilipo kejeli: msomaji anakiona asichokiona msimulizi. Walton anatafuta wa kuitikia ndoto yake, si rafiki.

Msomaji wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ana kipimo chake. Mwaka 1879 Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 21, alifika ncha hiyo ya ziwa, upande iliko Kyela leo, baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho. Msimamizi wa wapagazi alikuwa Chuma, Myao aliyekuwa miongoni mwa walioufikisha mwili wa Livingstone pwani. Katika kitabu chake cha 1881, Thomson alimsifu Chuma. Hata hivyo, jina lililobaki katika historia ya safari hiyo ni la Thomson.

Kwa kipimo hicho, hatima ya safari ya Walton haishangazi. Mabaharia wanadai chombo kirudi. Victor anawahimiza waendelee. Walton, kwa uchungu, anakubali kurudi. Wale aliowadunisha mwanzoni ndio wanaoamua mwisho. Kwa hiyo, anayefundisha riwaya hii kuanzia simulizi la Victor, akaziruka barua, anaiondoa hoja inayompinga Victor kabla hajaanza kusema.