Mpigapicha na Mpaka wa Nuru

Katika arusi za Ifakara, jamaa wanapokusanyika jua likiwa limesimama juu ya mashamba ya mpunga, siku hizi hutokea picha ambazo watoto walioketi mkekani mbele ya maharusi hawaonekani vizuri, wamefunikwa na utepe wa giza uliokata sehemu ya chini. Na mwenye picha akiuliza, huambiwa kwamba flashi ilikuwa mbovu. Flashi haikuwa na ila. Yaliyokosekana ni maarifa ambayo mafundi wa zamani waliyahesabu kuwa katika adabu za kazi yao.

Ndani ya kamera nyingi za kazi hii mna mapazia mawili, moja hufungua njia ya nuru na jingine huifunga. Kasi ya kupiga picha ikiwa ya wastani, huwapo wakati ambapo la kwanza limekwisha kupita na la pili halijaondoka. Ndipo flashi huwaka kwa muda mfupi mno, na nuru yake ikaingia pote. Ikizidishwa kasi, pazia la pili huanza safari mwenziwe hajafika, na nuru hukuta sehemu imekwisha kufunikwa. Kamera za dijitali aghalabu zina mpaka wa kasi ya kupigia kwa flashi wa 1/200 au 1/250 ya sekunde, ilhali nyingi za filamu zilikomea 1/60: miaka yote hii imeusogeza mpaka, haikuuondoa.

Nilipata kumtazama mzee mmoja wa kazi hii, mwenye Pentax K1000, aina iliyoanza kuuzwa 1976, mwaka ambao reli ya TAZARA ipitayo Ifakara ilikabidhiwa rasmi. Kabla ya kuinua kamera, kidole chake kilipapasa gurudumu la kasi, macho yakiwa kwa watu, kikalirudisha kwenye 60. Alijua ya kuwa kwa kasi ile, na jua lile, hana budi kulibana tundu la lenzi, na tundu likibanwa flashi yake ndogo haitakuwa na nguvu ya kuwafikia walio nyuma. Basi hakushindana na jua. “Shikamooni wazee wangu, naomba tusogee mwembeni,” alisema kwa taadhima, akawapanga kivulini, warefu nyuma, watoto mbele. Na mtandio wa bibi arusi ulipopinda, alimwomba shangazi mtu autengeneze, yeye mwenyewe asimguse. Kisha akapiga mara moja, kwani mkanda wa picha 36 haukustahimili israfu.

Kijana wa leo hutaka maharusi waonekane dhahiri na nyuma yao pawe ukungu, hulifungua tundu, picha ikawa nyeupe, akapandisha kasi kupita mpaka ule. Na kwa kuwa flashi yake imesimama pembeni ikiwashwa kwa redio, mara nyingi kamera haina habari nayo wala haimzuii. Zipo flashi zinazomemeteka mfululizo ili kukidhi kasi kubwa, nazo ni hila njema, lakini hupoteza nguvu nyingi, na adhuhuri ya bonde letu hili la Kilombero haina huruma kwa flashi dhaifu. Kinachonihuzunisha zaidi ni dawa yake: huukata utepe wa giza, na watoto wakakatwa pamoja nao.

Enyi mliorithi kazi hii, Ifakara, Mang’ula na Mlimba, itazameni kasi kabla ya kuinua kamera. Na mkiuona utepe ule, warudisheni watu kivulini, mkawapige upya kabla hawajatawanyika.